Uzi wa Pamba

Mtu wa kwanza kufika kibandani kwa Danica bila saa, bila kiatu na bila ufunguo wa kuchongesha alikuwa mwanamume mrefu aliyeinua antena ya bati juu ya kichwa chake, kama mtu anayejikinga mvua kwa mifupa ya mwavuli.

Ilikuwa Ijumaa mchana, mwezi wa Desemba, na ile njia ya chini ya stesheni ya Perth ilikuwa imefurika. Wanawake wa maofisini walipita na raba miguuni na viatu vyao vya visigino mkononi. Wengine walibeba mifuko ya Krismasi iliyowapiga magotini. Joto la nje lilikuwa likishuka ngazi pamoja nao. Kibanda kilikaa ubavuni mwa umati huo, chembamba, ukuta mmoja umejaa funguo na mwingine umejaa saa, chote kikinuka gundi na rangi ya viatu. Juu yake kibao kilisomeka ANTE NA BINTI. Ante na mkewe walikuwa wamesharudi kisiwani kwao, Korčula, kula uzee wao. Aliyebaki ni binti, mwenye umri wa miaka thelathini na moja, gauni lake la kitani la buluu limefichwa na aproni ya baba yake, penseli imeshika nywele, na lenzi ya fundi saa imepanda kwenye paji la uso.

"Televisheni hatutengenezi hapa," Danica alisema bila kuinua kichwa.

"Si ya televisheni. Na hii ni nzima, nimeogopa tu kuiacha garini wasije wakaiiba."

"Nani aibe mfupa wa samaki huo?"

"Hayo ndiyo maneno niliyojiambia mara ya kwanza. Wakaiiba."

Danica akainua kichwa. Mtu huyo alivaa kaptura ya kaki, shati lililopauka mabegani, na buti zenye vumbi jekundu la changarawe, vumbi ambalo mjini halipo. Alitoa leso mfukoni, akaifungua juu ya kaunta kwa heshima kama mtu anayefungua pete. Ndani yake kulikuwa na vidude sita vyeusi, kila kimoja kama punje ya haragwe, kila kimoja na kisharubu cha waya.

"Naomba mikanda sita ya ngozi laini, upana wake kama kidole chako cha mwisho. Hizi redio zikae hapa juu."

"Mikanda ya mkono wa mtoto?"

"Si mkono. Shingo. Ni nene kama shingo ya chupa ya mvinyo, pengine na kidogo zaidi."

Danica akamtazama. Kisha akainama chini ya kaunta, akatoa chupa tupu ya mvinyo wa baba yake, akaisimamisha kati yao. "Hii?"

Mgeni akaizungushia vidole, akafumba macho, akapima. "Hiyo hiyo," akasema, na uso wake wote ukacheka.

Alimwonyesha picha. Mnyama huyo alikuwa mdogo kuliko paka, mwekundu kama tofali, kiuno kimezungukwa na mistari myeupe, mkia kama brashi ya kusugulia chupa. Numbati, mla mchwa. Danica alikuwa amemwona tangu utotoni kwenye mabango na nembo za serikali, lakini hakuwahi kufikiri kwamba bado yupo mahali fulani anapumua.

"Wamebaki wachache kuliko watu wanaopita hapa wakati wa kula mchana," mgeni alisema. "Mbweha na paka wamewamaliza. Hawa sita wamezaliwa mjini, kwenye bustani ya wanyama. Jumanne tunawaachia hifadhini, na mikanda tuliyoagiza imekwama njiani. Sasa, hapa nyuma naomba uache pengo, uliunge kwa uzi wa pamba. Uzi wa vifungo. Mbovu kadiri utakavyoupata."

"Umekuja kwa fundi kuomba kazi mbovu?"

"Nimekuja kuomba kazi nzuri itakayokatika. Mvua na jua vinaula uzi polepole, na redio inapokaribia kuisha nguvu, mkanda unaanguka wenyewe. Usipoanguka, siku moja unanaswa na kijiti ndani ya gogo, na hapo umemnyonga."

"Baba yangu akiniona nashona hivyo atapanda ndege arudi."

"Mwambie kosa ni la Nolan Pascoe."

Nyuma yake bibi mmoja mwenye kiatu kilichobanduka alikohoa. Nolan akamwomba radhi, akageuka haraka, na antena ikaangusha soli tatu na saa ya ukutani.

Jumapili hiyo Danica alishona kwenye meza ya jikoni ya nyumba ya wazazi wake huko Spearwood, nyumba ya vyumba vinne aliyokuwa akitumia viwili. Simu ya mama yake ilimkuta na sindano mdomoni.

"Unafanya kazi Jumapili?"

"Nashona mikanda ya wanyama, Mama."

"Wanyama wa nani?"

"Wa msituni."

Ng'ambo ya bahari mama akadakia. "Ana mke?"

"Mama."

"Nimeuliza tu. Umekula?"

*

Jumanne Danica alifunga kibanda, jambo ambalo baba yake alilifanya siku za misiba tu. Nolan alikuwa amemwambia kwamba fundi hana budi kuona kazi yake ikivaliwa. Hifadhi ya Kellaway ilikuwa mwendo wa saa mbili na ushee kusini mashariki, mashamba ya ngano yakiisha ghafla kwenye uzio mrefu, na nyuma ya uzio, mikaratusi ya wandoo yenye magome meupe, na magogo yaliyolala kila mahali yakiwa na matundu.

Numbati hawapewi majina huko, wanapewa namba. Wa mwisho kuachiwa alikuwa jike dogo, Sita. Wenzake walichomoka kama waliochomwa moto. Sita alipanda juu ya gogo, akasimama kwa miguu miwili katika jua kali, akatoa ulimi mrefu mwembamba, akalamba hewa kana kwamba anaonja chumvi ya mboga. Kisha akaenda zake. Redio ya kupokelea, iliyoning'inia kifuani mwa Nolan, ikaanza kulia: tii, tii, tii.

"Huyo ni mkanda wako unaongea," akamwambia Danica.

Baada ya hapo walipita njia za msitu kwa gari. Numbati hutembea mchana, kwa hiyo hutafutwa mchana, gari likienda pole kuliko baiskeli, watu wawili ndani, kila mmoja na upande wake.

"Ukitazama upande wangu, umeuibia upande wako," Nolan alisema.

"Na nikitaka kukuona unaposema?"

"Husikii?"

"Nasikia."

"Basi inatosha."

Ndivyo walivyopendana, mmoja macho kushoto, mwingine macho kulia. Danica aliijua sauti ya Nolan kabla ya kuujua vizuri uso wake. Alijua sauti hiyo hushuka inapotaja shamba ambalo baba yake aliliuza, na hupanda inapodanganya. Alisikia habari za mwanamke aliyekwenda Sydney kwa sababu alichoka kula na mtu ambaye sikio lake moja liko msituni. Na yeye, aliyekuwa hajawahi kumwambia mtu, aliuambia ukingo wa barabara jinsi jioni nyumba inavyokuwa kubwa kiasi cha yeye kuacha bomba la maji likidondoka makusudi, kusikia kitu.

Majira hayo ya joto alikwenda Kellaway kila alipopata nafasi, naye Nolan akawa anashuka mjini. Walikula samaki na chipsi Fremantle, wameketi juu ya ukuta wa bandari, ndege weupe wakiwazomea. Danica alivaa gauni la njano lililokuwa likisubiri sababu tangu mwaka juzi. Nolan alikuwa na siki kwenye vidole na alisita kumshika uso kwa ajili hiyo.

"Unangoja nini, mtu wa mchwa?"

"Nina siki mikononi."

"Nimeolewa na gundi miaka kumi na mbili. Nishike."

Siku za kazi zilikuwa za simu. Kellaway mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya ngazi ya tangi la maji, na Nolan alipanda huko jua likielekea kuzama.

"Fundi wangu."

"Uko juu?"

"Niko juu. Nimemsikia Sita leo. Amehamia kwenye gogo lenye mlango nyuma. Ana nyumba kubwa kuliko yangu."

"Na mimi umenisikia leo?"

"Wewe nakusikia hata nikishuka."

Upepo mara nyingi uliikata simu katikati ya neno. Danica angekaa nayo sikioni bado, akiangalia vyumba viwili asivyovitumia.

Februari mkanda wa Mbili ulikatika mapema mno. Nolan aliukuta chini ya kichaka, mtupu. Kama ni mbweha aliyepenya uzio, au ni uzi tu umechoka kabla ya wakati, hakukuwa na njia ya kujua. Alikuja mjini akaketi kwenye kizingiti cha Danica, mkanda ukiwa kiganjani.

"Kibaya si kumpoteza," alisema. "Kibaya ni kuwasha redio asubuhi. Unangoja, unangoja. Unasikia hewa tu."

Danica alimkumbatia kichwa. Neno hilo aliliweka moyoni, na heri asingeliweka.

Aprili ulipofika wakati wa kumbadilishia Sita mkanda, Nolan alimletea redio mpya na kipimo kile kile. Danica alikata ngozi, akalainisha kingo. Alipofika kwenye pengo la nyuma, mkono ulisimama. Uzi wa pamba ulikuwa kushoto. Kulia ulikuwa ule uzi wa nta wa kushonea soli, ambao baba yake alipenda kusema kwamba utakuzika na bado utakuwa unadai kazi. Alifikiria mtu anayewasha redio alfajiri na kusikia hewa tu. Alichukua wa kulia. Akaufuta nta ya juu, akaupaka rangi ya chai ufanane na pamba, akashona mishono midogo iliyonyooka, mizuri kuliko yote aliyowahi kushona.

Hakumwambia. Alijipa moyo kwamba ni zawadi, na kwamba zawadi nyingine hazitangazwi.

*

Mvua za majira ya baridi zilikuja na kupita. Agosti redio ya Sita ikanyamaza, kama ilivyotarajiwa.

"Betri imeisha, na uzi utakuwa umeshakatika," Nolan alisema kutoka tangini. Sauti yake ilikuwa imeshuka lakini imetulia. "Mkanda uko chini mahali fulani na yeye anakula mchwa wake. Wiki hizi anapaswa kuwa na watoto shimoni. Safi sana, fundi wangu."

Danica alifungua mdomo. Simu ilikuwa nzima siku hiyo, hapakuwa na upepo wa kusingizia. "Vizuri," akasema.

Septemba Nolan alitokea kibandani mchana, bila antena safari hii. Wateja wawili walikuwa kwenye foleni. Aliweka simu yake juu ya kaunta. Ilikuwa picha ya kamera ya kufungwa mtini. Sita, ubavu kwa kamera, mkanda bado shingoni, na kuuzunguka mkanda, pete ya ngozi tupu ambako manyoya yamesuguliwa yakaisha.

"Uliushona kwa uzi gani?"

Angeweza kusema pamba. Nani angejua? "Wa nta. Wa viatu."

Nolan hakupaza sauti. Heri angepaza. "Kwa nini?"

"Ulisema asubuhi ukiwasha redio unasikia hewa tu."

"Mimi ndiye niliyesema. Yeye hakusema."

"Nilitaka usimpoteze."

"Si wangu wa kupoteza, Danica. Kazi yangu yote ndiyo hiyo. Namshika kidogo halafu namwachia. Sasa yuko kule na kitanzi shingoni, redio imekufa, siwezi hata kumsikia nikamfungue. Anaingia magogoni kila siku na kile kitu. Akinaswa, na watoto wake watakufa shimoni bila mtu kujua." Alichukua simu yake. "Na mara ngapi tumeongea tangu Aprili, hukusema? Mara ngapi?"

"Nolan."

"Kuna njia za msitu za kupita kabla jua halijazama."

Alimezwa na umati. Bibi aliyekuwa mbele ya foleni, mwenye kofia ya uzi, alimsindikiza kwa macho.

"Mumeo?"

"Hapana, mama."

"Ana hasira za mume." Akasogeza kiatu chake mbele. "Kisigino tu, kipenzi. Chukua muda wako."

Siku zilizofuata Danica alipiga simu zisizopokelewa. Alifungua kibanda, alifunga kibanda, alipanda treni, alishuka. Gauni la njano alilikunja akaliweka chini ya mashuka. Aligundua kwamba mjini watu humpa fundi mikono yao, miguu yao na funguo za nyumba zao, na bado hakuna anayemjua. Jioni mama yake alipiga.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

Danica akatazama jiko. "Supu."

"Supu gani?"

Danica akaanza kulia, na mama yake, aliye mbali kiasi cha kuwa mchana kwake, akakaa naye kwenye simu mpaka kilio kikaisha.

Kesho yake saa ya tangi, simu ya Nolan ikapokelewa. Upepo ulikuwa ukivuma.

"Sikupigii unisamehe," Danica alisema haraka. "Niahidi kitu kimoja. Ukimpata, kata ule uzi, umwache. Usimvalishe mwingine, hata uwe mzuri vipi. Shingo yake ipumzike na mikono yangu."

Ulisikika upepo tu. Alidhani mtandao umekwenda.

"Naahidi," Nolan alisema, na hapo ndipo ulipokwenda kweli.

*

Oktoba Danica alijiandikisha kama mtu wa kujitolea, kama mtu yeyote kutoka mjini. Jumapili alfajiri aliendesha mwenyewe mpaka Kellaway, suruali ya jinzi na kofia ya baba yake, kisu cha fundi mfukoni kwa sababu hakujua kutembea bila hicho. Aliyepanga magari alikuwa Beverley, mwalimu mstaafu mwenye kofia ya kitambaa na sauti ya darasani, aliyejua kila kitu na kujifanya hajui chochote. Alimpangia Danica kupanda naye gari lake. Walipita na kupita. Waliona kangaruu, waliona kasuku, waliona nungunungu wa nchi hiyo akivuka njia kwa kiburi. Nolan alipita na gari jingine, akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, salamu anayopewa mtu usiyemjua.

Jumapili nyingine, jua limeanza kupata nguvu, Beverley alimkuta Danica akinywa chai ya chupa.

"Goti langu limekataa leo, kipenzi. Nenda na Nolan. Mwenzake hakuja."

"Goti gani?"

Beverley akafikiri. "La kulia."

Asubuhi hiyo hiyo Danica alikuwa amemwona akipanda ngazi ya tangi kama msichana, kwenda kupiga simu. Kwa nani, hakuuliza.

Wakaingia garini. Nolan usukanini na upande wa kulia, Danica kushoto. Changarawe ikasagika chini ya matairi. Walimaliza njia nzima, kila mmoja akitazama upande wake.

"Umeniletea hasira yako au umeiacha nyumbani?" Danica alimwuliza hatimaye mti wa upande wake.

"Imeisha mwezi uliopita. Iliyobaki ni aibu."

"Aibu yako ya nini?"

"Nilikuacha mbele ya wateja." Gari likaenda kidogo. "Na nilikuwa nimezidisha. Nilikuja mjini nikakulilia, nikakupa mzigo, halafu nikakugombeza ulivyoubeba."

Danica alitaka kugeuka. Aliuangalia upande wake.

"Kuna jambo jingine," Nolan alisema. "Mkataba wangu unaisha Januari. Wafadhili wanataka kuona watoto waliozaliwa porini na jike tuliyemwachia sisi. Picha ya watoto mlangoni mwa shimo, si maneno. Wakiiona, wanaongeza miaka miwili. Wasipoiona, hakuna kazi."

"Wenzake Sita?"

"Majike wengine hawajazaa. Ni yeye tu."

"Kwa hiyo ukimpata ukamvalisha redio mpya, atakupeleka shimoni."

"Siku hiyo hiyo."

"Na usipo…"

"Kuna hifadhi upande wa pili wa nchi wananitaka. Ni siku tatu kwa gari." Sauti yake ilipanda, kisha akairekebisha. "Si pabaya. Ni mbali tu."

Danica alijua sasa ile ahadi aliyoiomba kwenye simu ingegharimu nini. Hakupata nafasi ya kusema. Kushoto, juu ya gogo lililoungua upande mmoja, kitu chekundu kilisimama kwa miguu miwili.

"Kushoto," alisema kwa pumzi. "Nolan, kushoto. Ana mkanda."

Gari likasimama. Sita akawatazama, akateremka, akaingia mdomoni mwa gogo, na mkia ukafuata. Walikwenda kwa vidole vya miguu juu ya majani makavu, Nolan akiziba tundu la nyuma kwa koti lake, Danica akipiga magoti mbele na mfuko wa kitambaa umefunguliwa. Walingoja. Mchwa walimpanda Danica mikononi na hakuwakung'uta. Kisha kitu cha moto, chepesi, kilichojaa mapigo ya moyo, kikaingia mfukoni, na Nolan akaufunga mdomo wake kwa kiganja.

Alimshika kupitia kitambaa, akaacha shingo tu itoke. "Mikono yako ni mizuri kuliko yangu," akasema. "Kata."

Danica alishusha lenzi ambayo haikuwepo, akajicheka kimoyomoyo, akatoa kisu. Ngozi ya mkanda ilikuwa imechakaa na kupasuka. Uzi ulikuwa kama siku ile aliyoushona, mishono yote mahali pake, midogo, iliyonyooka. Aliiingiza ncha ya kisu chini yake, mbali na mwili, akakata mshono, na mwingine, na mwingine. Mkanda ukaanguka. Chini yake ngozi ilikuwa ya waridi, imesuguliwa, lakini haikuwa na kidonda.

Nolan alimgeuza kidogo kwa uangalifu. Chuchu nne zilikuwa zimevimba, zimelowa, manyoya ya pembeni yamelala kwa kunyonywa.

"Wapo," alinong'ona. "Wamenyonya leo. Wako karibu hapa."

"Hawatoshi? Maziwa hayatoshi?"

"Maziwa si picha."

Danica alisikia redio ya kifuani mwa Nolan ikivuma bure. Alitia mkono mfukoni mwa shati, akatoa mkanda mpya. Alikuwa ameushona usiku wa kuamkia Jumapili ya kwanza, kwa pamba, mbovu kama alivyofundishwa, akitaka tu kumwonyesha kwamba amejifunza. Aliuweka juu ya goti lake.

"Redio unayo. Huwa hukosi moja mfukoni."

Nolan hakukana.

"Daktari wa wanyama angekubali? Kwa shingo hiyo?"

Sauti ya Nolan haikupanda. "Angekubali."

"Basi mvalishe. Ahadi niliiomba mimi, naifuta mimi. Niliiomba kabla sijajua inakula nini."

"Nilijua mimi. Nilijua nikiwa pale tangini."

"Uliahidi ukiwa na hasira."

"Ndiyo maana nataka kuitimiza sasa, nisipokuwa nayo."

Upepo ulipita juu ya mikaratusi, magome yakagongana. Danica aliutazama mkanda wa pamba juu ya goti lake, kazi ya mikono yake, miaka miwili mingine ya jioni za simu na samaki wa Fremantle imelala pale kama kitu unachoweza kukifunga. Aliona jinsi ilivyo rahisi. Akaufunika kwa kiganja, akaurudisha mfukoni.

"Huko uendako," alisema, "watu wanavaa saa?"

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Nolan aliuacha upande wake akamtazama yeye. Macho yalikuwa mekundu, kwa vumbi labda. "Baadhi."

"Viatu?"

"Viatu wanavaa karibu wote."

"Si pabaya, basi. Ni mbali tu."

Nolan aliweka mdomo wa mfuko chini, kwenye changarawe, akafungua kiganja chake.

Sita alitoka nusu, akasita. Alitikisa kichwa, mara moja na tena, kama anayekitafuta kitu alichokizoea. Alikwangua shingo yake kwa mguu wa nyuma, kwa muda mrefu, bila haya, mbele yao. Kisha akakimbia, mkia umesimama, kupita gogo lililoungua, kupita kichaka, na mistari yake myeupe ikawa vivuli vya vijiti, na baadaye vikawa vijiti vyenyewe.

Mkono wa Nolan uliinuka kuelekea redio, kwa mazoea. Ukasimama njiani, ukarudi. Wakabaki pale wamepiga magoti kwenye changarawe nyekundu, kila mmoja ameuacha upande wake, wamegeukiana, wakisikiliza hewa tu.